Kwenye Daftari Tuliandika "Ghafla"

(Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha kuzikana, hapa Ng'ambo, Tabora Mjini. Wenzetu waliokuwa safarini na wale waliokwama mashambani wameomba niiweke yote, nami nimeiweka kama ilivyotoka mdomoni. Nimeruka tu pale mvua ilipopiga bati tukashindwa kusikilizana.)

Mwenyekiti wetu, katibu, wazee mliokaa mbele, akina mama wenzangu, na nyie vijana mliosimama mlangoni kama watu wanaokaribia kuondoka: asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na wazee wangu wa Unyanyembe, mwangaluka.

Nimewekwa kwenye "mengineyo". Wote tunajua mengineyo ni nini. Ni pale watu wanapoanza kutafuta ndala kwa miguu chini ya benchi huku wakijifanya wanasikiliza. Leo naomba ndala zibaki zilipo.

Mnanijua kwa daftari hili. Mimi ndiye mweka hazina wenu. Ndani yake kuna jina la marehemu, uhusiano wake na mwanachama, sababu ya kifo, halafu tulichotoa: sanda au jeneza, mchele, maharage, kukodi turubai, nauli ya kwenda kuzika Sikonge au Urambo. Tangu nikabidhiwe, nimelisoma nyuma na mbele. Nataka leo tutazame ile safu ya sababu ya kifo, ambayo huwa hamna haja ya kuitazama.

Nasoma bila majina. Malaria. Uzazi. Ajali ya pikipiki. Sukari. Presha. Uzee. Ghafla. Kifua kikuu. Ghafla. Saratani. Ghafla.

Hawa wa ghafla ni akina nani? Mbona wengi wao ni vijana? Mbona hatukupika siku tatu kama tunavyopika kwa wengine? Mbona mtu mzima mwenye nguvu zake anakufa ghafla, na kesho yake hakuna hata mmoja wetu anayeuliza, ilikuwaje?

Hatuulizi kwa sababu tunajua.

Kwenye ukurasa mmoja wa daftari hili yupo mdogo wangu wa kiume. Tumbo moja, ziwa moja. Naye ameandikwa ghafla. Mwandiko si wangu, ni wa mwenzangu aliyenitangulia, na ninamshukuru, maana aliandika kwa huruma. Alitaka mama yetu apate mkono wa pole. Katiba yetu ina kifungu kinachosema mwanachama au mtegemezi wake "aliyejitoa uhai mwenyewe" familia yake haitapewa kitu. Kwa hiyo ili mama apewe mchele, ilibidi chama kizima kidanganye pamoja naye.

Sasa nasema mbele yenu, na kama kuna anayetaka fedha ile irudi, nitairudisha kidogo kidogo: mdogo wangu hakufa ghafla. Mdogo wangu alijiua.

Naona wengine mmeinamisha vichwa. Inueni. Hakuna aibu hapa.

Sitasema alijiuaje. Msiniulize humu ndani, na tukitoka nje msiniulize. Najua ndilo swali la kwanza linalokuja mdomoni, na msibani watu wanalisogelea kwa ujanja: "Eti ilikuwa saa ngapi? Alikuwa chumba gani? Nani alimwona wa kwanza?" Binti yangu anasomea uuguzi, na yeye ndiye aliyenifungua macho katika mengi nitakayosema. Aliniambia habari ya mji wa Vienna, kule Austria. Miaka ya themanini watu walikuwa wanajiua kwenye reli za chini ya ardhi, na magazeti yakawa yanashindana kueleza kila kitu. Mwaka 1987 wataalamu waliwaomba waandishi waache mbwembwe zile. Wakaacha. Vifo vya pale relini vikapungua kwa zaidi ya robo tatu. Reli ni zilezile na mji ni uleule, kilichobadilika ni namna ya kusimulia. Katika watu unaowasimulia, anaweza kuwemo mmoja aliyechoka, naye anasikiliza kwa sikio lingine.

Sasa fungueni simu zenu msome vichwa vya habari vyetu. "Ajiua kisa wivu wa mapenzi." "Ajiua kisa deni la vikoba." Kisa! Mtu ameishi miaka thelathini na ushee, ana watoto, ana kazi, ana historia yake, mnamwekea kisa kimoja kama bei kwenye kiroba cha mchele. Mdogo wangu alikuwa na deni, ndiyo. Nani hapa hana deni? Tumbaku imelimwa mkoa huu miaka na miaka kwa pembejeo za mkopo. Kila msimu wapo wanaobaki na deni, na walio wengi wanaamka kesho yake wanakwenda shamba. Deni ni kweli na linaumiza. Lakini usingizi uliokimbia ni kweli pia, pombe ya kienyeji iliyoongezeka ni kweli, ugonjwa uliokuwa unamla bila jina ni kweli. Vilikutana vyote ndani ya mtu mmoja.

Ngoja niwaambie alikuwa nani, maana hilo halimo kwenye daftari.

Alikuwa fundi baiskeli. Wengi wenu mmekalia tandiko alilolifunga yeye. Alikuwa na mtindo wake wa kunyoosha ringi: anageuza baiskeli kichwa chini, anazungusha gurudumu, anafumba macho, anasikiliza spoki zikipita kwenye ukucha wa kidole gumba. Pale zinapobadili mlio, anaisimamisha, anakaza moja, anazungusha tena. Hakuwa na kipimo kingine. Mwezi wa mavuno ya asali alifunga kibanda, akaenda porini kwenye mizinga yake ya magome, akarudi ananuka moshi na uso umevimba na kicheko tele. Kanisani aliimba besi.

Mwaka ule alianza kuamka saa nane za usiku. Akaacha kwaya, akasema koo linamsumbua. Chakula akawa anakizungusha tu kwenye sahani. Baiskeli za watu zikaanza kukaa kibandani wiki hata wiki. Ukipita unamkuta amekaa, gurudumu liko mkononi, halizunguki.

Na alitafuta msaada. Hili naomba mlisikie vizuri, kwa sababu tunapenda kusema "hakusema". Alisema! Alisema kwa lugha aliyokuwa nayo. Alikwenda zahanati akasema kichwa kinauma na mgongo unawaka. Wakampima malaria, hana, wakampa dawa ya maumivu. Akarudi tena, moyo unakwenda mbio. Wakampima presha, iko sawa. Hakuna aliyemuuliza analala saa ngapi. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ndivyo inavyokuja kwa watu wengi: inapiga hodi kwenye kichwa, mgongo, tumbo, kifua. Mtu wa kwetu haendi kwa daktari kusema "nina huzuni". Anakwenda kusema mgongo.

Mganga mmoja akasema ametupiwa, ikatakiwa mbuzi. Mtumishi mmoja akasema imani yake imepungua, afunge siku tatu, mtu ambaye tayari hali! Rafiki zake wakamwambia, jikaze, wewe ni mwanaume. Jikaze. Mmewahi kumwambia mtu mwenye kifua kikuu ajikaze?

Kisha akaanza kugawa vitu. Mizinga yake akampa mpwa wake, mwanangu wa pili, pamoja na kofia ya wavu na kile chombo cha moshi. Kijana akafurahi, akasema anko ana moyo. Spana zake nzuri akampelekea fundi mwenzake wa sokoni. Akalipa vijideni vidogo vidogo. Na uso wake ukatulia, akawa kama mtu aliyepona. Hapa mtaani hakuna aliyewahi kufundishwa kwamba mtu aliyezama katika huzuni muda mrefu, akaanza kugawa vitu vyake na kuaga aga na kutulia ghafla, huyo ndiye wa kukaa naye. Ndiyo maana nasimama hapa kuwafundisha.

Mnakumbuka tulivyomzika? Waliokuwepo wanakumbuka, maana tulikuwa wachache. Saa moja asubuhi. Shangazi zetu walikatazwa kulia kwa sauti. Turubai halikufungwa. Kwaya aliyoimba nayo miaka yote haikuja. Na jambo lililoniuma kuliko yote, ndugu zangu, watani hawakuja. Mnyamwezi anazikwa bila mtani? Wazaramo wetu wa hapa mtaani, ambao msiba wowote wanakuja kulala kaburini na kudai hawatoki mpaka tutoe hela, siku ile walipita barabarani wakiangalia chini. Hakuna aliyetutania. Mtu akishakuwa hata mtani hamchezei, huyo mmeshamtoa katika watu.

Tukarudi nyumbani, matanga yakaanuliwa siku hiyohiyo. Nikaambiwa, funika hayo, mama yako ni mgonjwa.

Na hapa naomba niseme habari ya sisi ndugu wa kuzaliwa, kwa sababu hatusemwi kabisa. Mtoto akifa, watu wanakwenda kwa mama. Mume akifa, wanakwenda kwa mjane, na ni haki yao. Ndugu wa marehemu yuko wapi? Yuko jikoni anachochea kuni. Anachota maji. Anapokea wageni, anawatafutia viti, anaulizwa sufuria kubwa iko kwa nani. Kila anayekutana naye njiani anamuuliza, "Mama anaendeleaje? Shemeji anaendeleaje?" Yeye haulizwi. Wakati yeye ndiye aliyelala na marehemu kitanda kimoja utotoni, anayejua alikuwa anaogopa radi. Nimeuliza wengine waliofiwa hivi, hapa Tabora na Nzega, wote wanasema hivyohivyo: hasira, maswali usiku, kumkasirikia marehemu kisha kujichukia kwa kumkasirikia. Na walioachwa na kifo cha namna hii wako katika hatari zaidi kuliko wafiwa wengine ya kuwaza kumfuata. Kwa hiyo mnapotukimbia, mnawakimbia watu wanaohitaji kukaliwa karibu.

Mtasema, dada, ni dini inayotukataza. Haya, tuingie kwenye dini, nami nimeuliza kabla ya kuja hapa.

Wakatoliki wenzangu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwataja waliojiua kwa makusudi miongoni mwa wanaonyimwa maziko ya Kanisa. Wazee wetu walilelewa humo, siwalaumu. Lakini sheria mpya ya mwaka 1983 ililiondoa hilo. Na Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba mateso makubwa, hofu, na ugonjwa mzito wa nafsi hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua. Miaka yote hii tunawanyima watu misa ambayo Kanisa lenyewe halijawanyima!

Ndugu zangu Waislamu. Nilikwenda kwa sheikh wetu, nikakaa kwenye mkeka, nikamuuliza. Akaniambia ni kweli ipo hadithi katika Sahih Muslim kwamba Mtume hakumsalia mwenyewe mtu aliyejiua. Lakini wanazuoni wengi wamelifahamu hilo kuwa ni onyo kwa walio hai, na wakasema Mwislamu yule anaoshwa, anakafiniwa, anasaliwa na watu, anazikwa na Waislamu. Akanikumbusha na ile hadithi ya kalamu kuinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepungukiwa na akili mpaka arejewe nayo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, sisi si mahakimu wa aliyekwenda."

Dhambi ya kujiua dini zote mbili zinaikataza, wala sisemi vingine. Ninachouliza ni hiki: nani aliwatuma nyie kumwadhibu maiti, na baada ya maiti, mama yake?

Wengine watasema ni serikali. Hapo mna hoja. Kanuni yetu ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Tuliirithi kwa Mwingereza. Na Mwingereza mwenyewe alilifuta kosa hilo kwao mwaka 1961. Mwaka 1961, jamani! Mwaka uleule tunapandisha bendera yetu, yeye anafuta kwake, sisi tunabaki na nguo yake ya zamani. Ghana wamefuta mwaka 2023. Majirani zetu Kenya, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba yao. Sisi kwenye chama hiki hatutungi sheria za nchi. Lakini wabunge wanakuja kutuomba kura, na wanapenda sana kuchangia turubai. Waulizeni.

Sheria hiyo inafanya nini mtaani? Nitawaambia ya binti mmoja. Amenipa ruhusa niseme, jina nimebaki nalo. Alijaribu, akanusurika. Familia ikaogopa polisi, ikaogopa na majirani. Wakamfikisha hospitali wakasema ameteleza bafuni. Daktari akatibu mtu aliyeteleza bafuni, akamruhusu kurudi nyumbani. Nyumbani palepale, na mawazo yaleyale. Uongo ule haukuwadanganya majirani, walishajua. Uliwadanganya madaktari tu, watu pekee waliokuwa na dawa.

Aliyemwokoa ni shangazi yake, mama muuza mkaa ambaye hakupita darasa la nne. Alikuja, akafukuza watu chumbani, akakaa kitandani. Hakuuliza "una nini?" Alisema: "Mwanangu, nakuuliza, usinifiche. Unafikiria kujiua?" Hivyohivyo, kwa neno lenyewe. Binti anasema alilia mpaka jua likazama, na usiku ule alilala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Naona mama mmoja pale anatikisa kichwa. Najua unachowaza: ukimuuliza si utakuwa umempa wazo? Hapana, mama. Hili limechunguzwa sana na wataalamu, na kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii jambo hilo. Wazo analo tayari, amekaa nalo peke yake, analiona la kutisha kiasi kwamba hakuna binadamu anayeweza kulisikia. Unapolitaja wewe kwanza, unampa ruhusa ya kulitua. Kisha unanyamaza, unasikiliza. Humpigii mahubiri ya watoto utamwachia nani. Humwapizi. Na akisema ndiyo, humwachi peke yake usiku ule, unakaa naye mpaka mfike kwa mtaalamu. Kwa sisi hapa ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete. Ukifika ulizia wahudumu wa afya ya akili. Kama ni mtoto ana shida, ipo namba 116 ya simu kwa mtoto, bure.

Na mkifika huko, tuachane na masihara ya Mirembe. Kila mtu akisema hajalala vizuri, "huyu wa kupandishwa treni ya Dodoma". Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili. Watu wanaingia wanatoka, wanarudi kazini, wengine mnakaa nao kwenye jumuiya na hamjui. Tena wengi hawahitaji hata kufika huko, wanatibiwa hapahapa na kulala kwao. Yule binti alipewa dawa. Wiki ya kwanza hakuona kitu, akataka kuacha. Dawa hizi ndivyo zilivyo, nyingi huchukua wiki mbili, tatu, nne kabla hujauona unafuu. Shangazi akawa anakuja kila jioni na kikombe cha maji, anamsimamia mpaka ameze. Leo binti yule anauza duka.

Kuna daktari wa Zimbabwe, Dixon Chibanda. Alikuwa na mgonjwa, msichana, aliyetakiwa kurudi kumwona. Hakurudi, akajiua. Daktari akaambiwa na mama wa msichana kwamba walikosa nauli ya basi. Nauli! Mwaka 2006 daktari yule akaanza na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Hawakuwa wauguzi, ni bibi tu wa mtaani. Wakafundishwa namna ya kusikiliza na kumsaidia mtu apange tatizo lake moja moja, wakawekewa mabenchi nje ya zahanati. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha walioketi na bibi wale walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Jambo hilo limeshafika mpaka Zanzibar. Sasa sisi Tabora tumekosa nini? Bibi hatuna? Miembe ya kukaa chini yake hatuna? Mji huu kama kuna kitu hatujapungukiwa ni kivuli cha mwembe na bibi mwenye muda.

Jambo moja kwa wakulima, nalo nitalipita haraka kwa makusudi. Dawa za shambani zisikae ndani mnamolala. Zifungiwe, ufunguo ukae kwa mwingine, au zibaki ghala la chama cha msingi mpaka siku ya kupiga. Sri Lanka tangu mwaka 1995 walikuwa wanapiga marufuku zile kali zaidi, na kufikia mwaka 2015 kiwango cha watu kujiua kilikuwa kimeshuka kwa zaidi ya theluthi mbili, na kilimo hakikufa. Ile saa mbaya humjia mtu ikapita. Walio wengi kabisa katika walionusurika hawafi baadaye kwa njia hiyo. Akivushwa saa ile, mara nyingi amevuka.

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 wanajiua kila mwaka duniani. Gawanyeni kwa siku: karibu elfu mbili kila siku. Kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Wanaume wanakufa hivi zaidi ya mara mbili ya wanawake, hawa hawa tunaowaambia wajikaze. Kwa hiyo nyie vijana wa mlangoni, sikuwataja mwanzoni kwa utani tu.

Mnanisikiliza vizuri, nami namalizia na hoja, maana mengineyo bila hoja ni porojo.

Hoja ya kwanza. Kile kifungu kifutwe. Tumekiweka tukidhani kinawatisha watu wasijiue. Mdogo wangu hakusoma katiba ya chama kabla ya kufa. Aliyeisoma ni mama yangu, baada. Na kinachowatisha walio hai ni kile wanachokiona makaburini. Yule anayewaza kufa sasa hivi, na huenda yumo humu, anatazama tunavyowazika wenzake alfajiri bila kwaya wala mtani, anajiambia: nikifungua mdomo, hivi ndivyo watakavyonitazama. Basi anafunga mdomo. Tukiwazika kama watu, ataelewa kwamba anaweza kutuambia kabla.

Hoja ya pili. Mfuko wetu una fedha za jeneza, una fedha za sanda, una fedha za mchele wa watu mia. Hauna hata shilingi ya kumpeleka mtu kliniki akiwa hai. Naomba tutenge fungu la nauli na dawa kwa mwanachama au mtegemezi wake anayeugua ugonjwa wa akili, na anayehitaji aje kwangu usiku au mchana, jina lake lisitajwe kwenye kikao. Hesabu nimezipiga, nimempa katibu. Nauli ya kwenda Kitete na kurudi mara kadhaa haifiki nusu ya jeneza la bei rahisi.

Hoja ya tatu si ya fedha. Msiba wa namna hii ukitokea, turubai lifungwe, sufuria zitoke, na watani waje. Nasema na nyie Wazaramo, msijifiche nyuma ya nguzo. Njooni mdai hela zenu. Na mkifika kwa mfiwa, semeni pole, kaeni. Mtajeni marehemu kwa jina lake. Mkikosa la kusema, semeni alivyowatengenezea baiskeli.

Mwenyekiti, naomba hoja zangu zipigiwe kura moja moja, leo, kabla watu hawajavaa ndala. Katibu, andika. Wanaounga mkono ya kwanza wanyooshe mikono.

(Kwa wasiokuwepo: hoja ya pili na ya tatu zilipita. Ya kwanza ilizua mabishano mpaka adhana ya magharibi, ikaahirishwa mpaka kikao maalumu cha Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana, palepale. Ili kubadili katiba tunahitaji theluthi mbili ya wanachama wawe ndani. Tafadhali fikeni.)